Neno la Kuficha Pengo

Mtaa mzima ulimwita Mhispania, ingawa Hispania kwenyewe hajawahi kutia mguu, na ndege alikuwa akiziona zikipita juu kama sisi wengine. Alikuwa mpiga picha. Kihispania chake chote kilikuwa maneno sita, na yote sita ya kusifia uzuri: bonita, linda, guapa, bella, preciosa, hermosa. Angetakiwa kuomba glasi ya maji kwa lugha hiyo angekufa na kiu. Lakini hayo sita aliyajua kama fundi magari anavyozijua spana zake, kila moja na nati yake.

Aliyapata akiwa kijana, alipokuwa akijifunza kazi kwa bwana mmoja mwenye studio. Chumba cha uani alipanga mgeni, mchimba visima aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili kutoka huko Kihispania kinakozungumzwa. Kila mwisho wa mwezi mgeni huyo alipiga picha ya kumpelekea mkewe, na kila alipokaa kwenye stuli alimnong'oneza mkewe neno moja la mapenzi, kana kwamba mama wa watu yumo ndani ya lenzi. Picha zake zilitoka safi kuliko za mteja mwingine yeyote. Kijana akajiuliza kwa nini, na hakukaa muda mrefu kabla ya kujua. Mtu ukimwambia "cheka" anakenua kama anayeumwa jino. Ukimwambia "tulia" ananuna. Ila ukimpa neno asilolizoea alitamke, uso unasahau kama unapigwa picha, na mdomo unalifuata neno linakokwenda.

Basi akamwomba mgeni maneno mengine, akakaa na kioo, akayapima moja moja. Linda hutandaza midomo na kuyatoa meno yote nje. Hilo likawa la wenye meno yaliyopangana. Guapa hufungua kinywa kisha hukifunga kwenye ile pa bila kukikaza, na ukibonyeza papo hapo unapata picha ya pasipoti ambayo afisa haikatai na mwenyewe haonekani kama anatafutwa na polisi. Bella huachanisha midomo kidogo tu, dawa ya wenye fizi nyingi. Bonita ni kwa wenye mdomo wa juu mfupi. Preciosa ni refu, linawafaa wasiotulia, maana kabla hawajalimaliza umeshapiga tatu. Na hermosa? Ile mo ya katikati huviringa midomo ikafunika kila kitu kilichoko nyuma yake. Hilo likawa la mapengo.

Wateja hakuwaambia. Wao walidhani ni vyeo. Wanawake waliingia wakiuliza, "Leo mimi nani?" na wakitoka walitangaziana barabarani. Kuna mama muuza vitambaa aliyekuwa Preciosa miaka mitatu mfululizo na akaanza kuwaangalia wenzake kwa juu, kumbe kosa lake ni kupepesa macho tu. Wanaume nao, aliowabadilishia herufi ya mwisho peke yake, walijifanya hawajali, halafu wakiwa mlangoni wanageuka: "Hivi lile langu maana yake nini?" Mhispania alijibu kila mtu kwamba maana yake ni mzuri. Hakudanganya. Yote sita maana yake ndiyo hiyo.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, mshonaji wa mapazia, mtu wa miaka arobaini na tisa mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mapazia yote ya nyuma pale studio, la kijivu, la samawati, na lile la majani makubwa ambalo wachumba hulipenda sijui kwa nini, alishona yeye. Huyu hakuwa na jino moja la mbele, la juu, upande wa kushoto. Lilimtoka akiwa na miaka kumi na moja. Kaka mtu alikuwa na miaka kumi na sita, wiki tatu kazini na maringo ya miaka thelathini. Alibeba stendi ya taa begani, akaitwa, akageuka bila kuangalia nyuma, chuma kikakutana na mdomo wa mtoto aliyekuwa amemletea chakula. Mama yao alisema mengi siku hiyo, na yote yalikuwa ya haki.

Tangu hapo kila picha ya mdogo wake aliipiga yeye, na kila mara neno lilikuwa hermosa. Ya shule, ya kitambulisho, ya cheti cha ushonaji, ya pamoja na marehemu mama. Kumi na moja kwa jumla, na katika zote pengo hulioni hata uje na tochi. Yeye aliihesabu kuwa kazi safi, akaziweka kwenye bahasha moja, na moyo wake ukatulia.

Sasa, Jumanne moja asubuhi, mdogo wake aliingia studio amefunika mdomo kwa kiganja. Zilibaki siku tatu aolewe. Ndiyo, aolewe, msishangae. Kuna fundi saa mmoja aliyefiwa na mke, mtu mpole anayeongea taratibu kana kwamba anaogopa kudondosha skrubu, alimposa na akakubaliwa bila kuzungushwa.

"Kaka, fumba macho."

"Nina mteja saa nne."

"Fumba, nakwambia! Haya, fumbua."

Akafumbua. Mdogo wake alikuwa amekenua mpaka mwisho, na pengo halipo.

"Daktari wa meno kamaliza jana," akasema. "Nilijiapiza usinione mpaka likae sawasawa."

Mhispania alimshika kidevu, akamgeuzia dirishani penye mwanga, akainama. "Rangi wameipatia," akasema. "Mara nyingi huwa wanaikosea."

"Hata hongera hakuna?"

"Hongera."

"Mh! Haya, nipige. Nataka moja niitundike nyumbani kwangu, kubwa, na fremu."

Akakaa kwenye stuli mbele ya pazia la samawati. Mhispania akasogeza mwamvuli mweupe wa kulainisha mwanga, akapunguza taa ya kushoto, akaweka jicho kwenye kamera. Humo ndani aliona meno kamili, yamepangana. Ulimi wake ukafanya kile ulichokuwa ukifanya kwa miaka thelathini na minane.

"Sema linda."

Mdogo wake akabaki anamtazama. "Niseme nini?"

"Linda."

"Umenichanganya na mteja," akasema, bado anacheka. "Mimi ni hermosa."

"Ulikuwa. Sasa una jino."

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo, akakohoa, akasingizia joto la taa. Lakini Mhispania alikuwa fundi, na fundi ukimgusia kazi yake hajui kunyamaza. Akatoka nyuma ya kamera akaeleza. Akaeleza kwa furaha kabisa, maana katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza. Akatamka maneno yote sita mbele ya kioo, akionyesha kwa kidole midomo inakwenda wapi. Kisha, ili aeleweke vizuri, akaifungua ile bahasha akazipanga picha kumi na moja kwenye meza. "Unaona?" akasema. "Mo, mo, mo. Hakuna hata moja iliyoponyoka."

Mdogo wake alizitazama kwa muda mrefu. Alipokuja kusema, sauti ilikuwa ya kawaida, na hiyo kwa mtu kama yeye ilikuwa habari mbaya.

"Watu wangapi unawaambia hermosa?"

"Wenye mapengo tu. Na wenye meno ya mbele yaliyooza. Yule mlinzi wa benki, kwa mfano. Na bibi wa pale kona."

"Mlinzi wa benki."

"Yeye namwambia hermoso."

"Unamkumbuka yule mwenye duka la vioo?" mdogo wake akauliza. "Aliyekuja nyumbani nikiwa na miaka ishirini na mbili?"

Alimkumbuka. Kijana mwenye gari, mwenye nyumba, na familia nzima iliona dada mtu kapandwa na wazimu alipomkataa.

"Alisema atanichukua hivyo hivyo na pengo langu. Hivyo hivyo! Nikasema moyoni, wewe ni nani? Kaka yangu kutwa kucha anaangalia nyuso za watu, ndiyo kazi yake, na ananiita hermosa. Nilimuuliza yule mgeni wa visima, kaka, nikiwa na miaka kumi na miwili. Akaniambia linda wanaambiwa watoto na vikombe vya chai. Guapa ni la kupigiana kelele barabarani. Lakini hermosa, akasema, mtu hulitoa akishaangalia mpaka maneno mengine yamemwishia. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikashindwa kula kwa furaha. Na watu waliponicheka shuleni nikawa nacheka nao, kwa sababu nilikuwa na kitu wao hawakijui." Akazikusanya zile picha, akazipiga mezani ziwe sawa, akazirudisha kwenye bahasha. "Kumbe ulikuwa unaficha kosa lako. Jino ulilitoa wewe, ukaona aibu, ukalifunika. Mara kumi na moja."

"Picha zilitoka nzuri," alisema Mhispania.

"Zilitoka nzuri," mdogo wake akakubali. "Ijumaa kamera iache huku."

Akaondoka. Mteja wa saa nne alipoingia alikuta taa zinawaka na stuli tupu, akaambiwa aseme preciosa, wakati siku zote alikuwa bella.

Jioni Mhispania alimsimulia mkewe, akitegemea kuhurumiwa. Mkewe alikuwa anakunja nguo, akaacha.

"Wewe," akasema. "Wewe mume wangu una kichwa cha namna gani?"

"Nilimweleza ukweli wa kazi."

"Nani alikuuliza ukweli wa kazi? Mimi miaka ishirini na sita humu ndani unaniita Bonita. Kwa nini?"

Mhispania akakaa kimya. Kumbe alikuwa anajifunza.

"Sema."

"Mdomo wako wa juu ni mfupi."

Mkewe akajiangalia kwenye kioo cha kabati, akaupima mdomo wake kwa kidole, akaangua kicheko. "Ni kweli," akasema. "Lakini mimi nilikuwa na mama aliyeniambia mimi ni mzuri mpaka nikachoka. Mdogo wako alikuwa na wewe. Kesho nenda."

Akaenda. Karakana ya mapazia ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza ya kukatia, cherehani mbili, na marobota ya vitambaa mpaka darini. Mdogo wake alikuwa anapinda pindo, na hakusimamisha mguu. Mhispania akasimama kando ya meza akaanza kuomba radhi, lakini kwa bahati mbaya alianzia kwenye mwanga. Akasema zile picha za zamani, kwa taa za enzi zile, zilikuwa ngumu kupiga, na kwamba angetumia neno lingine lolote zingeharibika. Cherehani ikaendelea. Akasema jino alilitoa kwa bahati mbaya. Cherehani ikaendelea. Kitambaa kilipoisha mdogo wake akakata uzi kwa mkasi, akainua macho.

"Nina swali moja tu, halafu uniache na kazi. Miaka yote hiyo uliwahi kuniangalia mimi, au uliangalia meno?"

Swali hilo ungeweza kulijibu kwa neno moja, na mtu mwingine angedanganya papo hapo. Mhispania alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, amesimama pale mikono imening'inia, na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyozidi kuona meno.

"Basi," mdogo wake akasema. "Shahidi wangu Ijumaa atakuwa wifi. Atatia sahihi yeye."

Hilo lilimwingia. Wazazi wao hawapo, na katika nyumba yao walibaki wawili. Kama jina la kaka halitakuwa kwenye karatasi ya ndoa, kila mtu atauliza, na jibu litakuwa la kweli. Akarudi studio akafunga mlango, akamwambia mkewe kwa simu.

"Ameshanieleza," mkewe akajibu. "Nimemkubalia ili asizidi kuumia. Lakini mimi sitii sahihi mahali pako. Tafuta la kufanya, na usiniaibishe."

La kufanya hakulijua. Alhamisi hakufungua kwa wateja. Alizitoa zile picha kumi na moja akazipanga tena, kwa mpangilio wa miaka. Kuna kitu alichofundishwa na bwana wake wa zamani: ukitaka kujua kama mwanga umekaa sawa, funika mdomo wa picha kwa kipande cha karatasi nyeusi, kwa sababu mdomo hudanganya jicho. Alikuwa amefanya hivyo kwa picha za watu maelfu. Kwa hizi hakuwahi, maana kwa hizi mdomo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Akakata karatasi nyeusi, akafunika.

Mtoto wa miaka kumi na miwili alimtazama kutoka mezani kwa macho yasiyo na woga hata chembe. Akasogeza karatasi kwenye ya pili. Ya tatu. Kwenye ile ya cheti cha ushonaji mdogo wake alikuwa na miaka kumi na tisa, kichwa amekiinamisha kidogo upande, na paji la uso lilikuwa la mama yao kabisa. Katika ile ya kitambulisho alikuwa amechoka, na hata uchovu ulimkaa vizuri. Siku zote hizo mdogo wake hakuwa anamtazama mpiga picha. Alikuwa anamtazama kaka yake, akingoja neno lake, na akishalipata uso ulifunguka. Mhispania alikaa na picha ya kumi na moja mpaka chai yake ikapoa. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya masikio kuwaka moto. Mdogo wake alikuwa mzuri, mzuri sana, na yeye ndiye mtu pekee aliyekuwa na mashine ya kumwonyesha hivyo, akaitumia kukagua mapengo.

Ijumaa asubuhi walikutana ofisi ya msajili wa ndoa, chumba chenye meza ndefu, viti sita na feni inayolia. Fundi saa alivaa suti ya kahawia, akafika nusu saa kabla, kama ungetegemea. Bibi harusi alivaa gauni la rangi ya maziwa alilojishonea mwenyewe, na mdomo wake aliufunga tangu mlangoni. Aliitikia salamu kwa kichwa. Alisema "ndiyo" pale msajili alipouliza, kwa midomo iliyoachana kidogo sana, akaifunga tena. Jino jipya lilikuwepo, lakini aliyeliona mpaka hapo labda ni msajili.

"Mashahidi," msajili akasema.

Kwa upande wa bwana harusi akasimama fundi saa mwenzake. Kwa upande wa bibi harusi hakusimama mtu. Wifi alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake, anatafuta, anatafuta, na mkoba wenyewe mdogo kama kiganja.

"Wifi," bibi harusi akanong'ona.

"Kalamu yangu siioni," wifi akajibu kwa sauti ya chumba kizima.

"Kalamu ninayo mimi," msajili akasema.

"Sijazoea za watu."

Fundi saa alimtazama mchumba wake, akamtazama shemeji yake, na akasema polepole, "Shemeji, hebu njoo." Mhispania akaenda. Alisimama mezani akashika kalamu, lakini hakuandika. Alimgeukia mdogo wake na kungoja. Mdogo wake akatazama feni. Halafu akainua mabega kidogo, na kwa kuwa hakusema hapana, Mhispania akatia sahihi.

Kilichobaki ni picha. Kamera aliiacha, kama alivyoamriwa, kwa hiyo karani wa msajili ndiye aliyeichukua simu ya fundi saa na kuwapanga ukutani. Mhispania hakujua asimame wapi. Miaka thelathini na minane alikuwa upande wa pili. Mikono hakujua aiweke mfukoni au nyuma. Mkewe akamsukuma akatua ubavuni kwa mdogo wake.

"Bibi harusi, cheka basi kidogo," karani akasema.

Bibi harusi hakucheka.

"Bibi harusi, hata tabasamu tu! Mbona kama tunazika?"

Midomo ikazidi kukaza. Mhispania aliiona, akajua kitaalamu kabisa neno gani lingeifungua, na akaliacha. Akamgeukia mdogo wake na kumtazama usoni. Alimtazama sana, mpaka karani akashusha simu na fundi saa akakohoa.

"Nimeziangalia jana," akasema. "Zote kumi na moja. Nilifunika mdomo."

Macho ya mdogo wake yakamgeukia.

"Meno sikuyaona. Nilikuona wewe, mdogo wangu, na nilichelewa sana, nisamehe." Kisha akasema, "Hermosa."

"La nini tena?" mdogo wake akasema. "Pengo si limezibwa!"

"Ndiyo," akajibu kaka yake. "Limezibwa. Sina cha kuficha. Hermosa."

Bibi harusi alijaribu kujizuia akashindwa. Kilio kilianza kutoka, kikakutana na kicheko njiani, na kicheko kikashinda. Akacheka kichwa nyuma, meno yote nje, ya zamani na la dukani. Karani hakuwa mpiga picha, lakini siku hiyo kidole chake kilibarikiwa.

Picha hiyo ipo studio, kubwa, na fremu, ukutani juu ya stuli. Ya pili ipo nyumbani kwa fundi saa. Kitaalamu ina makosa: feni imekata kichwa cha msajili, na mwanga umetoka upande mbaya. Bibi harusi anacheka mpaka macho yamefungika. Pembeni yake amesimama kaka yake, amemgeukia, na midomo ameiviringa kama anayepuliza chai ya moto.

Wateja huuliza. "Mhispania, hapo ulikuwa unapiga mluzi kwenye harusi ya dada yako?" Yeye hujishughulisha na taa. Mdogo wake, akiwepo, huwa juu ya ngazi anatundika pazia, pini nne zimebanwa midomoni. Huzitoa kwanza, moja moja, ndipo awajibu.

"Hapigi mluzi," huwaambia. "Hapo yuko kwenye mo."